Mkoromaji Asichekwe

Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania iliyaruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu kwa miaka mingi. Wananchi wengi walilipokea jambo hilo kwa furaha, na sisi hatuna ugomvi nalo. Mfanyabiashara wa Mwanza anayetaka kuwahi soko la Kariakoo ana haki ya kusafiri saa zimfaazo. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya mwendo wa kasi, matairi yaliyochakaa, taa mbovu na ulevi wa madereva, na yote hayo yalistahili kusemwa. Lakini lipo swali moja ambalo ni nadra kusikika penye mazungumzo ya ajali za barabarani, nalo ni hili: Je, bwana dereva, ukilala unakoroma?

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu watacheka. Kukoroma kwetu ni jambo la mzaha. Mwanafunzi akoromaye husukumwa hadi kitanda cha mwisho bwenini. Mume akoromaye huitwa mashine ya kusaga, na wageni husimuliwa habari zake mbele yake. Wako hata wanaodhani kwamba kukoroma ni dalili ya usingizi mnono wa mtu aliyeshiba. Kwa wengine ni kelele tu, wala haina madhara isipokuwa kwa jirani. Lakini kwa wengine, na si wachache, ni sauti ya mtu anayepigania hewa, naye mwenyewe hana habari.

Ili jambo hili lieleweke hatuna budi kuanzia nyuma ya kichwa, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Hapo ipo sehemu iitwayo shina la ubongo, ambayo unene wake haupiti sana ule wa kidole gumba cha mtu mzima. Si sehemu ya fikira wala ya kumbukumbu. Kazi zake ni zile ambazo binadamu angekufa kama angeachiwa azikumbuke mwenyewe: kuvuta pumzi, kurekebisha mwendo wa moyo na nguvu za damu, kumeza, kukohoa, kupiga chafya, kutapika.

Watu wengi hudhani kwamba mapafu hujiendesha yenyewe kama moyo. Sivyo. Moyo una kichocheo chake ndani yake, na ndiyo maana moyo wa chura uliotolewa mwilini huendelea kupiga kwa muda, kama walivyoona wengi waliosoma elimu ya viumbe shuleni. Mapafu hayana kitu kama hicho. Ni mifuko tu, hayana hata msuli mmoja wa kuyatanua. Yanayoyatanua ni misuli ya mbavu na hasa kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Misuli hiyo nayo haijitumi; kila pumzi ni amri iliyotoka katika shina la ubongo, ikashuka kwa njia ya uti wa mgongo, ikatokea shingoni kwenye usawa wa pingili ya tatu hadi ya tano, ikaenda zake kifuani. Mtu mzima aliyetulia hupata amri kama 12 hadi 20 kwa dakika, yaani zipatazo 20,000 kwa siku moja. Mkwezi aangukaye mnazini akavunjika shingo juu ya pingili hizo hufa papo hapo kwa kukosa pumzi, ingawa mapafu yake ni mazima na ubongo wake bado unaagiza. Njia ya amri imekatika.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Tabibu wa Kifaransa, Julien Legallois, alifanya majaribio yake kwa sungura, akayachapisha mwaka 1812. Alikuwa akiuondoa ubongo kipande baada ya kipande, kuanzia mbele, na mnyama akaendelea kuvuta pumzi. Alipofikia mahali padogo katika sehemu ya chini ya shina, sehemu ambayo wataalamu huiita medula, pumzi ikakoma mara moja. Majaribio hayo yalikuwa ya kikatili, hatuna haja ya kuyapamba, lakini yalionyesha kwamba uhai umetundikwa kwenye uzi mwembamba sana.

Ilichukua karibu miaka 180 nyingine kupapata hapo mahali penyewe. Mwaka 1991, Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walikata kipande chembamba cha medula ya panya mchanga, wakakiweka ndani ya maji yenye chumvi na oksijeni, na kipande hicho kikaendelea kutoa amri za pumzi, moja baada ya nyingine, wala hapakuwa na panya wala mapafu ya kuzipokea. Fungu hilo la chembe waliliita pre-Bötzinger. Msomaji asidhani kwamba Bötzinger alikuwa profesa. Ni jina la divai ya Kijerumani iliyokuwa mezani katika mkutano wa wataalamu, nalo kwanza lilipewa sehemu iliyo jirani. Na majaribio ya mwaka 2005 yalileta habari inayotuhusu hasa leo: panya waliopunguziwa chembe za fungu hilo walianza kukosa pumzi wakiwa usingizini, kabla ya kukosa wakiwa macho.

Amri ya pumzi haitoki tu kwa saa, inapimwa. Mwaka 1905, John Scott Haldane na John Priestley walionyesha kwamba kinachotuhimiza kuvuta pumzi, katika hali ya kawaida, si upungufu wa oksijeni bali ni kuzidi kwa hewa ya kaboni, ile tunayoitoa. Shina la ubongo huionja damu, na hewa hiyo ikizidi hata kidogo, linaagiza pumzi nzito zaidi. Wapiga mbizi wa mwambao wetu yawapasa kulijua jambo hili. Kijana anayevuta na kutoa pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama haongezi oksijeni mwilini kwa kadiri anavyodhani. Anaifukuza hewa ya kaboni. Akiwa chini, kengele inachelewa kulia, oksijeni inakwisha bila yeye kuhisi dhiki, naye anazimia majini. Wako waliofikiriwa kuwa wamechukuliwa na shetani wa bahari.

Lakini kuagiza kiwambo peke yake hakutoshi. Msomaji achukue mrija wa karatasi, aulowanishe mpaka ulegee, kisha ajaribu kunywea soda. Kadiri atakavyovuta kwa nguvu ndivyo mrija utakavyozidi kujibana. Koo la binadamu, kuanzia nyuma ya pua hadi juu ya zoloto, ni mrija wa namna hiyo. Shingoni, bomba la hewa limeimarishwa kwa pete za gegedu zisizobonyea. Juu yake hakuna pete. Pana nyama tupu: ulimi, kaakaa laini, kimeo na kuta za koo. Sehemu hiyo yatakiwa ilegee ili tumeze na tutamke maneno, na wakati huohuo yatakiwa ikaze ili hewa ipite.

Hapo ndipo tunapoiona hekima ya shina la ubongo. Kabla ya kiwambo kushuka, kwa tofauti ndogo mno ya wakati, amri hutangulia kwenda katika misuli ya koo, na hasa katika ulimi kwa njia ya neva ya 12 ya kichwa. Ulimi husogea mbele kidogo na kukaza, nyuzi za sauti zinafunguka, kisha ndipo hewa inavutwa. Mlango hufunguliwa kwanza, mgeni akaribishwe baadaye. Na tukitaka kumeza, shina hilohilo huzuia pumzi kwa muda, linafunga zoloto, linapitisha tonge, kisha linaruhusu hewa tena. Tukipaliwa ni kwa sababu tumecheka au kusema katikati ya utaratibu huo.

Sasa tuje usiku. Mtu akilala, amri za pumzi hupungua, lakini hazipungui kwa kiasi kimoja kila mahali. Kiwambo kinaendelea karibu kama kawaida. Misuli ya koo ndiyo inayolegea zaidi, na katika kipindi cha ndoto inalegea kupita kiasi. Kwa mtu mwenye koo pana hakuna litakaloharibika. Kwa mwenye koo jembamba, nyama zilizolegea zinapepea kama tanga lisilofungwa, na hiyo ndiyo sauti ya kukoroma. Likizidi kulegea, mrija unajibana kabisa. Kifua kinapanda na kushuka, tumbo linahangaika, wala hewa haipiti. Chumba kinakuwa kimya. Mke aliye karibu hushukuru kwamba bwana ametulia, kumbe huo ndio wakati wa hatari yenyewe. Oksijeni inashuka, hewa ya kaboni inapanda, mpaka ubongo unashtuka na kuzinduka kwa nukta chache. Koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa kama wa mtu aliyeokolewa majini, naye analala tena. Asubuhi hakumbuki chochote.

Madaktari huhesabu pumzi kuwa imekatika ikiwa imesita kwa sekunde 10 au zaidi. Mambo haya yakitokea mara 5 kwa saa, huo ni ugonjwa. Yakifika mara 30 kwa saa, ni ugonjwa mkali. Mtu wa namna hiyo huzinduliwa mara mia mbili au zaidi katika usiku mmoja, halafu ndugu zake wanamwita mvivu kwa kuwa anasinzia barazani. Anaamka na kichwa kinachouma na kinywa kikavu. Anasinzia kazini, anasinzia msikitini au kanisani, na nguvu za damu yake hupanda. Akiwa dereva, anasinzia kwenye usukani. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba dereva mwenye ugonjwa huu hupata ajali mara mbili ya mwenzake au zaidi. Kwamba hakunywa pombe, kwamba gari lake ni zima na kwamba amelala saa nane kitandani, yote hayo hayamsaidii, kwani saa hizo nane hazikuwa usingizi.

Si kila mkoromaji ni mgonjwa, na hatupendi kutia watu hofu bure. Wanaostahili kushukiwa ni wale ambao mkoromo wao hukatika kwa ukimya na kurudi kwa kishindo, na ambao husinzia mchana bila sababu. Unene wa mwili, na hasa wa shingo, huongeza hatari. Wanaume hupatwa zaidi, na wanawake hukaribiana nao baada ya kukoma hedhi. Lakini wembamba si kinga, maana yako mataya yaliyoumbwa madogo. Pombe ya jioni na vidonge vya usingizi huzidisha, kwa kuwa hulegeza ulimi na koo kuliko vinavyolegeza kiwambo. Mwaka 2019 wataalamu walikadiria kwamba duniani watu milioni 936 wa umri wa miaka 30 hadi 69 wanao ugonjwa huu, kwa kiasi kidogo au kikubwa. Hatuoni sababu ya kudhani kwamba sisi tumesahauliwa.

Ajabu ni kwamba tiba ilichelewa sana. Charles Dickens alimchora kijana mnene asinziaye kila mahali katika hadithi yake ya Pickwick miaka ya 1836 na 1837, na mwaka 1956 madaktari wa Marekani wakalichukua jina hilo kuuita ugonjwa wa namna hiyo. Kukatika kwa pumzi kwenyewe kulipimwa Ufaransa na Ujerumani mwaka 1965. Hata hivyo, kwa muda mrefu mgonjwa mahututi hakuwa na tiba ya uhakika ila kutobolewa shingo na kuwekewa bomba. Ndipo mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, wakaeleza jinsi walivyowatibu wagonjwa watano kwa kuwapulizia hewa puani, kwa mashine, usiku kucha. Hewa hiyo haimvutii mgonjwa pumzi. Inautanua tu ule mrija usijibane. Ni dawa rahisi kwa wazo lake, na hadi leo hakuna iliyoipiku.

Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha chombo kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, ambacho huisikiliza pumzi na kuitekenya neva ya ulimi kwa umeme, yaani kufanya kazi ambayo shina la ubongo limeifanya kwa ulegevu. Bei yake si ya mkulima. Tumependezwa zaidi na jaribio la Uswisi lililochapishwa mwaka 2006, ambamo wagonjwa 25 waligawanywa, na baadhi yao wakafundishwa kwa miezi minne kupuliza didgeridoo, baragumu la wenyeji wa Australia. Waliopuliza walipungukiwa na usingizi wa mchana. Baragumu hilo hupulizwa bila kituo, mpigaji akivuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma, nayo mbinu hiyo wapiga zumari wa mwambao wetu wanaijua tangu enzi. Hatusemi hospitali zigawe zumari. Twasema tu kwamba misuli ya koo, kama misuli mingine, hufundishika.

Kuna mambo mawili ya nyumbani ambayo yanatokana na koo hilohilo, nayo hatuwezi kuyapita. La kwanza ni ile desturi ya kumtia kijiko kinywani mtu aliyeangushwa na kifafa, ati asimeze ulimi. Ulimi haumezwi. Umeshikamana na taya. Kijiko huvunja meno na kuziba njia ya hewa. Hatari yenyewe huja baadaye, degedege likiisha na mwili ukilegea, maana hapo ulimi huangukia nyuma kwa mtu aliyelala chali. Alazwe ubavu, kichwa kikiinama kidogo nyuma, mate yatoke. Ndivyo afanyiwe pia mlevi aliyezimika, badala ya kuachwa chali apigwe na umande.

La pili ni kukata kimeo. Bado wako wazee na wakunga, mijini na vijijini, wanaokata kimeo cha mtoto akikohoa, kwa kisu au kwa uzi. Kikohozi hakitoki katika kimeo. Ni amri ya shina la ubongo ya kusafisha njia ya hewa, na kinachoichochea chaweza kuwa nimonia, kifua kikuu, pumu, au hata mahindi yaliyoingia palipo si pao. Kukata kimeo hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo. Watoto wametokwa na damu wakafa, wengine wameambukizwa pepopunda na maradhi mengine kwa chombo kichafu, na nimonia iliyokuwa ikitibika imepewa wiki nzima ya kukomaa. Mzazi ambaye mtoto wake hulala kinywa wazi, akikoroma na kugaagaa kitandani, kisha shuleni akawa msahaulifu au mtukutu, na ampeleke hospitali atazamwe tezi za kooni na nyuma ya pua. Mafindofindo makubwa yakiwa ndiyo chanzo, daktari wa masikio, pua na koo huyatoa, na mara nyingi mtoto huanza kulala.

Turudi kwa dereva. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliuingiza ugonjwa huu katika masharti ya leseni kwa agizo la mwaka 2014. Nasi twaona yafaa maswali mawili au matatu ya usingizi yawemo katika uchunguzi wa afya wa dereva wa basi na wa lori, pamoja na kupimwa shingo kwa utepe na nguvu za damu. Utepe haugharimu kitu. Lakini tunaonya kwamba sheria isianze kwa kunyang'anya leseni. Dereva mwenye watoto watano hatakiri kwamba anakoroma ikiwa malipo ya ukweli wake ni kukosa kazi. Ataficha, ataendesha, nasi tutazika. Aambiwe kwamba akitibiwa atarudi barabarani, na mwenye basi achangie mashine, kama anavyonunua matairi. Ni kweli kwamba mashine hizo ni ghali na hutaka umeme, na maabara za kupima usingizi katika nchi zetu ni chache. Hata hivyo, kupunguza uzito, kuacha pombe ya jioni na kulala ubavu badala ya chali havihitaji maabara, na kwa wenye ugonjwa usio mkali vyaweza kuleta nafuu kubwa.

Jambo la kwanza linaweza kuanza usiku huu. Aliyelala karibu na mkoromaji asizibe masikio. Asikilize pale mkoromo unapokatika, ahesabu polepole. Akifika kumi kabla ya hewa kurudi, na mambo hayo yakijirudia usiku uleule, amweleze mwenzake asubuhi na wafuatane kwa daktari, kwani mgonjwa akienda peke yake hatakuwa na la kusema: yeye alikuwa amelala.